Johannesburg: Fleti ya kupangisha na hesabu zake

Mtu aliyezoea bei za nyumba za Dar es Salaam au Nairobi hushangaa anaposoma matangazo ya madalali wa Johannesburg. Katika mitaa ya Yeoville, Berea na Hillbrow, iliyo jirani kabisa na katikati ya jiji, fleti nyingi zilizojengwa kati ya miaka ya 1930 na 1970 huuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya gari jipya la kifahari. Pango lake, kwa upande mwingine, si dogo, na wapangaji hawakosekani: wanafunzi, wafanyakazi wa maduka na hospitali, na wahamiaji kutoka Zimbabwe, Malawi, Kongo na nchi nyinginezo.

Pengo hilo kati ya bei na pango ndilo linalowavuta walimu, wauguzi, wafanyabiashara wadogo na hata Waafrika Mashariki wanaoishi huko, wenye akiba kidogo na hamu ya kuwa wenye nyumba. Mpango wao hufanana. Mtu hununua fleti moja kwa mkopo wa benki, huipangisha, na huishikilia kwa miaka 20 hivi bila kuiuza, akitaraji kwamba pango litalipa mkopo na mwishowe nyumba ibaki mkononi mwake.

Hesabu ya kwanza hupendeza sana. Ile ya pili ndiyo ambayo wengi huifanya wakati wamekwisha kutia saini.

Chukua mfano wa kubuni, wa fleti ya randi 700,000 inayopangishwa kwa randi 7,500 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima pango hilo ni randi 90,000, karibu asilimia 13 ya bei ya fleti. Hakuna akaunti ya akiba inayotoa faida ya namna hiyo. Lakini mwenye fleti atalipa ada ya jengo, tuseme randi 1,500 kwa mwezi, kwa ajili ya mlinzi, bima ya jengo, lifti na usafi. Atalipa kodi ya majengo ya manispaa, randi 450. Dalali anayemtafutia mpangaji na kumkusanyia pango atachukua asilimia 10, yaani randi 750. Ukarabati utahitaji kutengewa angalau randi 400. Na iwapo fleti itakaa tupu mwezi mmoja tu kila mwaka, hasara hiyo ikigawanywa kwa miezi 12 ni randi 625.

Kinachobaki ni randi 3,775 kwa mwezi. Asilimia 13 imekuwa asilimia 6 na nusu, na benki bado haijalipwa.

Ikiwa mnunuzi alitanguliza asilimia 10 ya bei na kukopa randi 630,000 kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 10.25, malipo ya kila mwezi yatakuwa takriban randi 6,180. Atatakiwa kuongeza randi 2,400 kutoka katika mshahara wake, kila mwezi. Kwa maneno mengine, katika miaka ya mwanzo mwenye fleti ndiye anayeilisha fleti. Si lazima hilo liwe jambo baya, kwa kuwa sehemu ya malipo hayo hupunguza deni, na pango hupanda huku deni likibaki palepale. Ubaya ni kulijua jambo hilo baada ya kununua.

Riba isiyotulia

Mikopo mingi ya nyumba nchini Afrika Kusini haina riba ya kudumu. Hupanda na kushuka pamoja na riba ya msingi ya mabenki, ambayo nayo hufuata uamuzi wa Benki Kuu. Anayetaka kujua maana yake aangalie miaka michache iliyopita. Kuanzia Julai 2020, wakati wa janga la Covid, hadi Novemba 2021, riba ya msingi ilikuwa asilimia 7, na watu wengi walikimbilia kununua nyumba kwa mara ya kwanza. Kufikia Mei 2023 ilikuwa imefika asilimia 11.75, ikakaa hapo hadi Septemba 2024. Mwishoni mwa Novemba 2025 ilikuwa imeshuka tena hadi asilimia 10.25.

Kwa deni lile lile la randi 630,000, malipo ya mwezi kwa riba ya asilimia 7 ni takriban randi 4,880. Kwa asilimia 11.75 ni randi 6,830. Mpangaji hawezi kuombwa randi 2,000 zaidi eti kwa sababu Benki Kuu imekutana. Wazee wa biashara hii hukumbuka mwaka 1998, riba ya msingi ilipofika asilimia 25.5 na wenye nyumba wengi wakazipoteza kwa mnada.

Gharama za mwanzo nazo zina kanuni zake. Tangu tarehe 1 Aprili 2025, nyumba isiyozidi bei ya randi 1,210,000 haitozwi ushuru wa uhamisho wa mali, jambo linalowafaa wanaoanza na fleti ndogo. Hata hivyo yapo malipo ya mawakili wawili: anayehamisha hati na anayesajili rehani ya benki. Wakili wa kuhamisha hati huchaguliwa na muuzaji lakini hulipwa na mnunuzi, desturi ambayo wageni huiona ya ajabu.

Kwa nini fleti za Hillbrow ni rahisi

Bei ya chini katikati ya Johannesburg ina historia. Jiji lilianzishwa mwaka 1886 baada ya kugunduliwa dhahabu, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 swali la nani aweze kumiliki nyumba, na wapi, lilijibiwa kwa rangi ya ngozi. Alexandra, iliyoanzishwa mwaka 1912, yaani mwaka mmoja kabla ya Sheria ya Ardhi ya 1913, na Sophiatown vilikuwa miongoni mwa vitongoji vichache ambako Mwafrika aliweza kuwa na hati miliki. Huko ndiko walikokuwako wapangishaji Waafrika wa mwanzo mjini humo. Wengi walinunua kiwanja kwa mkopo, wakajenga vyumba uani na kuvipangisha ili kulipa rehani. Kilikuwa kitu kile kile ambacho leo vitabu vya uwekezaji hukiuza kama maarifa mapya. Februari 1955 serikali ya kibaguzi ilianza kuwahamisha watu wa Sophiatown kuwapeleka Meadowlands, na nyumba zao zikabomolewa.

Hillbrow na Berea zilitengwa kwa ajili ya wazungu chini ya Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950. Katika miaka ya 1980 Waafrika, Wahindi na machotara walianza kuhamia humo kinyume cha sheria, na sheria yenyewe ikafutwa mwaka 1991. Mabenki yaliyaona mabadiliko hayo kuwa hatari, yakaacha kukopesha kwa ajili ya majengo ya mitaa hiyo. Pasipo mikopo, aliyetaka kuuza alimtegemea mnunuzi mwenye fedha taslimu, na bei zikaporomoka. Mnamo mwaka 2003 ulianzishwa mfuko wa TUHF ili kuwakopesha wanaonunua na kukarabati majengo katikati ya jiji, na baadhi ya wapangishaji wanaojulikana leo walianzia hapo wakiwa na jengo moja tu. Ila kwa mtu anayetafuta mkopo wa fleti moja ndani ya jengo lenye sifa mbaya, mlango wa benki bado mara nyingi hufungwa. Anayeiona fleti ya bei ya kutupa yafaa ajiulize ni benki gani iliyokataa kuikopeshea, na kwa nini.

Jengo kwanza, fleti baadaye

Katika mfumo wa Afrika Kusini wa kumiliki sehemu ya jengo, ulioanza kwa sheria ya mwaka 1971, mnunuzi hapati fleti peke yake. Anapata pia fungu katika paa, ngazi, lifti, mabomba na madeni ya jengo zima, na anakuwa mwanachama wa umoja wa wamiliki, atake asitake. Ni hapa ambapo wanunuzi wapya huumia zaidi. Wanachunguza rangi ya kuta na makabati ya jikoni, lakini hawaombi kuona vitabu vya umoja.

Namna jengo linavyokufa inajulikana vizuri mjini Johannesburg, kwani ilionekana mara nyingi katika miaka ya 1990. Wamiliki kadhaa huacha kulipa ada ya kila mwezi. Umoja hushindwa kulipa bili ya maji na umeme, ambayo katika majengo mengi ya zamani huja kwa mita moja. Manispaa hukata huduma kwa jengo zima. Wapangaji wanaolipa vizuri huhama, na waliobaki hukataa kulipa pango la nyumba isiyo na maji. Wamiliki wengine sasa hawana mapato ya kulipia ada, lifti husimama, mlinzi huondoka. Kisha hutokea kundi la watu linalojiita kamati, nalo huanza kukusanya pango kwa nguvu. Jengo limetekwa. Mwenye fleti ghorofa ya saba, ambaye hajakosa hata mwezi mmoja, anabaki na hati miliki, deni la benki na mlango asioweza kuufikia.

Sheria mpya ya usimamizi wa majengo ya namna hii, iliyoanza kutumika Oktoba 2016, inautaka kila umoja uwe na mfuko wa akiba na mpango wa matengenezo wa miaka 10. Iliundwa pia taasisi ya kusuluhisha migogoro ya wamiliki, inayojulikana kwa kifupi kama CSOS. Na jengo likizama kabisa katika madeni, mahakama ya hakimu inaweza kuteua msimamizi wa kuuongoza umoja huo. Mnunuzi ana haki ya kuomba, kabla ya kutia saini, hesabu zilizokaguliwa, kumbukumbu za mikutano na orodha ya madeni ya ada. Muuzaji au dalali anayesitasita kuzitoa amekwisha kujibu.

Deni la manispaa lina habari yake. Kwa miaka mingi jiji liliweza kumfuata mmiliki mpya kwa bili za maji na umeme alizoziacha mtu wa zamani. Agosti 2017 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba deni la kihistoria halimfuati mnunuzi. Hata hivyo, hati haiwezi kuhamishwa bila cheti cha manispaa kwamba madeni ya miaka miwili iliyotangulia yamelipwa, na katika minada masharti ya mauzo mara nyingi humtwisha mnunuzi mzigo huo. Kwa anayeanza, mnada si mahali pa kujifunzia. Mara nyingi mshindi hununua nyumba ambayo hajaingia ndani, ikiwa na watu ambao hajawaona.

Mpangaji na mahakama

Hofu kubwa ya kila mpangishaji ni mpangaji asiyelipa na asiyetoka. Katiba ya Afrika Kusini, katika kifungu cha 26, inasema kwamba hakuna mtu atakayeondolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama iliyotolewa baada ya kuangalia mazingira yote. Sheria ya mwaka 1998 dhidi ya uondoaji haramu ilidhaniwa mwanzoni kuwa inawahusu wavamizi wa ardhi tu, lakini mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Rufaa iliamua kwamba inamlinda pia mpangaji ambaye mkataba wake umekwisha. Kubadilisha kitasa au kumkatia umeme mpangaji mwenye deni ni kosa linaloweza kumpeleka mwenye nyumba mwenyewe kortini kama mshtakiwa.

Sheria hiyo ina chimbuko lake katika miaka ya kuvunjiwa nyumba usiku, na asiyekumbuka hivyo huiona kuwa ni uonevu kwa mwenye mali. Kesi inayosomwa zaidi ni ya jengo la Saratoga Avenue, Berea. Kampuni moja ililinunua mwaka 2004 ikiwa na nia ya kuliendeleza, na mwaka 2006 ikaomba mahakama iwaondoe wakaaji 86, ambao wengi walikuwa maskini sana. Desemba 2011 Mahakama ya Katiba ilikubali waondolewe, ila ikaliamuru jiji liwape kwanza makazi ya muda, na ikaeleza kwamba mwenye mali aliyenunua akijua kuna watu ndani anaweza kulazimika kuwa na subira. Kampuni kubwa huweza kusubiri miaka 5. Muuguzi mwenye rehani ya randi 6,180 kwa mwezi hawezi.

Ndiyo maana wenye uzoefu hutumia muda mwingi kumchagua mpangaji kuliko kuichagua fleti. Huomba hati za mshahara za miezi mitatu, huuliza kwa mwenye nyumba wa awali, na huangalia rekodi ya malipo katika mashirika ya taarifa za mikopo. Fleti tupu ya mwezi mmoja huwagharimu randi 7,500. Mpangaji mbaya huweza kuwagharimu mwaka mzima pamoja na ada za wakili.

Sheria ya Nyumba za Kupanga ya mwaka 1999 inagusa mambo madogo ambayo huzua ugomvi mkubwa. Amana ya mpangaji lazima iwekwe katika akaunti yenye riba, na riba hiyo ni ya mpangaji. Pande zote mbili hukagua nyumba pamoja siku ya kuingia na siku ya kutoka. Kama hakuna uharibifu wala deni, amana hurudishwa ndani ya siku 7. Mpangishaji asiyefanya ukaguzi wa kuingia huhesabiwa kuwa amekubali kwamba nyumba imerudishwa ikiwa nzima, hata kama mlango wa bafu haupo. Malalamiko husikilizwa bila malipo na Baraza la Nyumba za Kupanga la jimbo la Gauteng. Si baraza la kuchezea: mwaka 2012, katika kesi ya wapangaji wa jengo moja la Braamfontein, Mahakama ya Katiba ilisema kwamba kuvunja mikataba kwa lengo tu la kupandisha pango kunaweza kuwa kitendo kisicho cha haki, na ni baraza hilo linalopaswa kuamua.

Anayenunua fleti yenye mpangaji ajue pia kwamba mauzo hayavunji mkataba wa pango. Mpangaji hubaki mpaka muda wake uishe, kwa masharti yale yale.

Mgeni na fedha zake

Hakuna sheria inayomzuia raia wa Kenya, Tanzania au Kongo kununua nyumba Johannesburg. Anayeishi nje ya Afrika Kusini, hata hivyo, kwa kawaida hakopeshwi na benki za huko zaidi ya nusu ya bei, na nusu nyingine sharti itoke nje kwa njia rasmi. Hati yake hupigwa muhuri wa kuonyesha kwamba si mkazi. Wengine hulipuuza jambo hilo la karatasi, kisha hugundua baada ya miaka kwamba bila muhuri na stakabadhi za benki fedha za mauzo haziruhusiwi kutoka nchini. Asiye mkazi anapouza mali ya zaidi ya randi milioni 2, mnunuzi hutakiwa kuzuia asilimia 7.5 ya bei, ikiwa ni mtu binafsi, na kuipeleka kwa mamlaka ya mapato, SARS.

Pango lenyewe hutozwa kodi kama mapato mengine. Riba ya mkopo, ada ya jengo, kodi ya manispaa na matengenezo hupunguzwa kwanza. Sehemu ya malipo inayopunguza deni haipunguzwi.

Kuhusu bei kupanda, wanaoanza wasitegemee sana. Kwa zaidi ya miaka 10 bei za nyumba za Johannesburg zimepanda polepole kuliko za Cape Town, huku maji yakikatika katika vitongoji vya maskini na vya matajiri sawia. Na usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 moto uliteketeza jengo la Usindiso katika mtaa wa Marshalltown na kuua zaidi ya watu 70, wakiwemo raia wa Malawi na Tanzania. Lilikuwa jengo la manispaa yenyewe, na wakati wa ubaguzi lilikuwa ofisi ya kudhibiti vipande vya Waafrika. Tangu hapo swali la milango ya dharura na vifaa vya kuzimia moto, ambalo wanunuzi wachache waliliuliza, limekuwa miongoni mwa maswali ya kwanza.

Wako wapangishaji wengi wasiofika kabisa benki. Huko Soweto na Alexandra, mwenye nyumba hujenga chumba kimoja cha matofali uani kwa akiba yake, hukipangisha, na kwa pango lake hujenga cha pili. Anaishi hatua chache kutoka kwa wapangaji wake, anawajua kwa majina, na hana ada ya jengo wala dalali. Vingi vya vyumba hivyo havina ramani iliyoidhinishwa na manispaa, na umeme wake huvutwa kutoka katika mita ya nyumba kubwa, ile ya kulipia kabla ambayo Tanzania huitwa Luku. Kila mwisho wa mwezi, mwenye nyumba na wapangaji wake hukaa kuhesabu nani ametumia kiasi gani.